KIMYA CHA RAIS KASAVUBU



Siku moja tuliwauliza wanafunzi wetu darasani: "Rais wa kwanza wa Kongo alikuwa nani?" Mikono mingi iliinuka. Wa kwanza akajibu, "Lumumba." Tukasema, hapana, yeye alikuwa Waziri Mkuu. Wa pili akajibu, "Mobutu." Tukasema, hapana, huyo alikuja nyuma, kwa nguvu za askari. Basi wote wakanyamaza. Mwishowe kijana mmoja aliyeketi nyuma kabisa akasema kwa woga, "Mwalimu, si yule ambaye hakusema kitu?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa maana kijana yule alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua mwenyewe.

Jina lake ni Joseph Kasavubu. Alikuwa Rais wa nchi yetu tangu Juni 1960 hata Novemba 1965. Waliomjua walimwita mtu mkimya, mtu wa maneno machache. Nao wahenga walisema: kimya kingi kina mshindo mkuu. Leo twataka kueleza jinsi kimya kile kilivyompandisha juu, na jinsi kilivyomwangusha. Habari hii si ya mtu mmoja tu. Ni habari ya nyumba yetu sisi sote, kwa maana tungali twalipa deni la siku zile.

Kijana wa seminari

Kasavubu alizaliwa katika miaka ya 1910 huko Kuma-Dizi, karibu na Tshela, katika nchi ya Mayombe, upande wa magharibi ambako mto Kongo unakaribia bahari. Alibatizwa mwaka 1925, akasoma kwa Mapadri wa Scheut. Walipoona bidii yake wakampeleka seminari ndogo ya Mbata-Kiela, naye akajifunza Kilatini. Mwaka 1936 akasafiri mbali na kwao mpaka seminari kubwa ya Kabwe, huko Kasai, asome filosofia. Alitaka upadri. Lakini mwaka 1939, kabla hajaanza teolojia, wakubwa wake walimwambia arudi nyumbani.

Sisi tuliopita katika seminari twajua uzito wa neno hilo. Kijana aliondoka kijijini kwa baraka za ukoo mzima. Sasa anarudi na sanduku lake, watu wanamtazama, naye hana la kuwaambia. Hatusemi kwamba kimya chake kilizaliwa siku ile. Twasema tu kwamba mtu wa namna hiyo amejifunza mapema kuyaweka moyoni mambo yanayomuuma.

Akawa mwalimu wa shule. Kisha akafanya kazi katika kampuni ya mashamba na misitu, na mwaka 1942 akaingia Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kuwa karani katika ofisi ya fedha ya serikali ya Wabelgiji. Miaka mingi alikaa mbele ya madaftari ya hesabu. Mchana alikuwa karani mtulivu. Jioni alikutana na wenzake wa vyama vya wanafunzi wa zamani, wakasoma, wakajadiliana, wakapima mambo ya nchi.

Maneno matatu

Mtu asemaye kila siku, watu humzoea. Mtu asemaye mara chache, siku anapofungua kinywa watu husimama. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kasavubu. Kabla ya uhuru alisema maneno matatu, na kila neno lilifungua mlango.

Neno la kwanza alilisema mwaka 1946, mbele ya umoja wa vyama vya Wakongo ulioitwa UNISCO. Alinena juu ya haki ya mtu aliyetangulia kukaa katika nchi. Maana yake ilikuwa hii: ardhi ya Kongo ina wenyewe, nao ni wale waliokuwamo kabla ya mgeni kubisha hodi. Wasomaji vijana, msilione neno hilo kuwa dogo. Wakati ule karani mweusi hakutazamiwa kudai haki, alitazamiwa kushukuru.

Neno la pili lilikuja mwaka 1956. Wakati huo Kasavubu alikuwa mkuu wa ABAKO tangu Machi 1954. ABAKO ilianzishwa mwaka 1950 kwa ajili ya kutunza lugha ya Kikongo na umoja wa Wabakongo, lakini chini yake iligeuka kuwa chama cha siasa. Mwalimu mmoja Mbelgiji, jina lake Van Bilsen, alikuwa ametoa shauri kwamba Kongo iandaliwe kwa uhuru katika muda wa miaka 30. Hata shauri hilo liliwakasirisha Wabelgiji wengi. Waliona miaka 30 ni michache mno. Kundi la Wakristo wasomi wa gazeti la Conscience Africaine, Joseph Ileo akiwa miongoni mwao, nalo likiwa na msaada wa Padri Joseph Malula aliyekuwa Kardinali baadaye, lilitoa tangazo la kukubali safari hiyo ya pole pole. Agosti 23 ABAKO ikajibu. Kwa nini tungoje miaka 30? Haki hiyo tunaitaka leo. Watu wa Léopoldville waliposikia hayo walishikwa na mshangao. Karani mkimya alikuwa amewapita wote.

Neno la tatu lilikuwa la mwaka 1958. Mwezi wa Desemba 1957 Wabelgiji walikuwa wameruhusu uchaguzi wa mitaa katika miji mitatu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. ABAKO ikashinda katika Léopoldville, na Kasavubu akawa burgumesta wa mtaa wa Dendale. Aprili 20, 1958, siku ya kupokea kazi, ilitazamiwa kwamba atatoa shukrani. Yeye akadai uchaguzi wa nchi nzima na utawala wa Wakongo wenyewe. Wakubwa wa serikali wakamkaripia. Lakini neno likiisha kutoka halirudi kinywani.

Januari 4, 1959, watu wengi walikusanyika Léopoldville kwa ajili ya mkutano wa ABAKO ambao serikali haikuuruhusu. Kasavubu aliwaomba warudi makwao kwa utulivu. Hawakurudi. Ghasia ikaenea, maduka yakavunjwa, askari wakapiga risasi, na makumi ya watu wakafa. Kasavubu akafungwa. Siku chache baadaye, Januari 13, Mfalme Baudouin alitangaza katika redio kwamba Ubelgiji itaiongoza Kongo mpaka uhuru. Siku mfalme aliponena neno hilo, mtu aliyelidai mapema kuliko wengi alikuwa gerezani.

Siku ya uhuru

Katika uchaguzi wa Mei 1960 ABAKO ilipata viti 12 tu kati ya 137 vya Bunge, kwa sababu nguvu yake ilikuwa katika nchi ya Wabakongo peke yake. Chama cha Patrice Lumumba ndicho kilichopata viti vingi kuliko vyote. Basi wakapatana. Lumumba akawa Waziri Mkuu. Na Juni 24 mabaraza mawili, Bunge na Seneti, yakamchagua Kasavubu kuwa Rais kwa kura 150, na mshindani wake Jean Bolikango akapata 43.

Juni 30 mfalme alisema mbele ya wote, akaisifu kazi ya Leopold II. Wazee wetu walijua kazi ile ilikuwa ya namna gani: mpira, kiboko, mikono iliyokatwa. Lumumba alisimama akajibu kwa maneno makali ambayo dunia nzima inayakumbuka. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba Kasavubu naye alijibu kwa njia yake. Hotuba yake fupi ilikuwa na mwisho wa kumsifu mfalme. Alipofika hapo, hakuusoma. Alinyamaza, akaketi.

Tazameni watu wawili hao. Jeraha ni moja. Mmoja analia kwa sauti, mwingine anafunga kinywa. Katika nyumba iliyo nzuri, watu wa namna mbili wanahitajiana: mwenye sauti awaamshe waliolala, mwenye utulivu awatulize waliokasirika. Na kwa muda mfupi ilikuwa hivyo. Askari walipoasi, siku tano tu baada ya uhuru, na Katanga ilipojitenga Julai 11, Rais na Waziri Mkuu walizunguka nchi katika ndege moja. Julai 12 walitaka kutua Elisabethville, wakubwa wa Katanga wakawakataza. Siku ileile wakaomba pamoja msaada wa Umoja wa Mataifa. Sahihi mbili katika karatasi moja!

Mafahali wawili

Lakini mafahali wawili hawakai zizi moja. Wiki zilipopita Lumumba aliomba msaada wa Warusi, na askari wa serikali walipoingia Kasai ya Kusini watu wengi wasio na hatia waliuawa. Kasavubu aliona hatari. Je, alimwita mwenzake wakae usiku kucha wasemezane? Je, alikwenda mbele ya mabaraza mawili kuwaeleza wawakilishi? Hapana. Jioni ya Septemba 5, 1960, alikwenda katika redio, akasoma tangazo fupi la kumwondoa Waziri Mkuu, kisha akarudi nyumbani. Hata ulimi ulimteleza: badala ya kusema Waziri Mkuu, alisema burgumesta wa kwanza.

Sheria ilimpa ruhusa. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Msingi kilisema kwamba Mkuu wa nchi huwaweka mawaziri na kuwaondoa, na mawaziri wawili, Bomboko na Delvaux, walitia sahihi zao pamoja naye. Lakini sheria hiyohiyo ilitaka Serikali ipate imani ya mabaraza. Lumumba akaenda redioni usiku uleule, akasema Kasavubu si Rais tena. Bunge likatangua maneno ya wote wawili, na Seneti ikasimama upande wa Lumumba. Sasa nchi ilikuwa na vichwa viwili, na kila kichwa kikikana kingine.

Nyumba ikiwa hivyo, mlango hubaki wazi. Septemba 14 akaingia kijana wa jeshi, Kanali Joseph Mobutu, akasema anawapumzisha wanasiasa wote. Kasavubu akabaki katika kiti, kwa maana Kanali alikuwa na haja ya sahihi yake. Lumumba akazungukwa na askari nyumbani mwake.

Neno ambalo halikutoka

Hapa, wasomaji wapenzi, twafika mahali pagumu, wala haifai kupapita mbio.

Novemba 1960 Umoja wa Mataifa ulimkubali Kasavubu kuwa ndiye msemaji wa Kongo. Usiku wa Novemba 27, siku aliyorudi kutoka New York, Lumumba alitoroka katika mvua ili aende Stanleyville kwa watu wake. Alikamatwa njiani siku chache baadaye, akafungwa katika kambi ya Thysville. Januari 13, 1961, askari wa kambi hiyo waliasi. Kasavubu mwenyewe alikwenda huko pamoja na Mobutu kuwatuliza. Siku nne baadaye, Januari 17, Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, walitiwa katika ndege, wakapelekwa Elisabethville, kwa adui zao wakubwa. Walipigwa ndani ya ndege. Usiku uleule wakauawa.

Tangu mwaka 2001, baada ya uchunguzi wa bunge lao, Wabelgiji wamekiri kwamba walikuwa na hatia ya kiroho katika jambo hili. Mwaka 2002 serikali yao iliomba radhi, na Juni 2022 walirudisha jino la Lumumba, ambalo ndilo lililobaki la mwili wake. Ni vema. Lakini sisi Wakongo tusijifiche nyuma ya hatia ya wengine. Ndege iliondoka katika nchi ambayo Mkuu wake alikuwa Kasavubu. Neno la kuizuia halikutoka kwake. Hatujui mambo yote ya moyo wake, na hukumu ni ya Mungu. Lakini kila Mkristo hukiri katika sala yake kwamba amekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa matendo na kwa kutotimiza wajibu. Mtu huweza kumtendea ndugu yake ubaya bila kuinua mkono. Yatosha kunyamaza saa ambayo neno lake lingezuia.

Kosa lilelile mara ya pili

Haifai kusahau mema yaliyofuata. Mwaka 1961 wawakilishi walikutana katika chuo kikuu cha Lovanium, wakampata Cyrille Adoula kuwa Waziri Mkuu. Januari 1963 Katanga ilirudi katika nchi moja. Agosti 1, 1964, ikatangazwa katiba mpya iliyotungwa Luluabourg, ya kwanza kutungwa na Wakongo wenyewe. Katika miaka hiyo ya taabu, wakati mawaziri walipokuja na kwenda, Kasavubu alibaki, akipima na kungoja. Mwaka 1964, uasi ulipokuwa ukienea mashariki, alimwita Moïse Tshombe, yuleyule aliyekuwa ameitenga Katanga, akamfanya Waziri Mkuu. Wazee wetu wa mashariki wanaijua bei ya mwaka ule, mmoja mmoja kwa majina ya ndugu zake.

Mwaka 1965 Tshombe na vyama vilivyoungana naye walishinda uchaguzi wa Bunge. Oktoba 13 Kasavubu akamwondoa. Akamweka Évariste Kimba mahali pake. Novemba 14 wawakilishi wakamkataa Kimba. Rais akamweka tena yuleyule. Je, hamsikii mlio wa Septemba 1960? Tena sheria inampa Rais ruhusa. Tena anatamka na kurudi nyumbani. Tena wawakilishi wanakataa. Tena nyumba ina vichwa viwili. Tena mlango unabaki wazi. Na aliyeingia ni yuleyule. Novemba 25, 1965, Mobutu, sasa Jenerali, alitangaza kwamba yeye ndiye Rais. Alisema itakuwa miaka 5. Ikawa karibu 32, mpaka Mei 1997.

Kasavubu hakuwaita watu wake wapigane. Hapakuwa na risasi. Alirudi katika nchi ya Mayombe, akakaa Boma, akafa huko Machi 24, 1969. Mtaa wa Dendale, ambao alikuwa burgumesta wake, leo unaitwa kwa jina lake. Wengine wamemlaumu kwa kuondoka bila kelele. Sisi hatumlaumu kwa hilo. Rais anayekubali kushuka bila kumwaga damu ya maskini si Rais wa kudharauliwa. Mwaka 1966 Kimba na wenzake watatu walinyongwa mbele ya umati wa watu Kinshasa. Hapo wengi walianza kutambua walichopoteza.

Tujifunze nini?

Kimya cha Kasavubu kilikuwa cha namna tatu, na inafaa kuzitenga.

Kulikuwa na kimya cha mwenye kupima neno lake. Hicho ndicho kilichozaa mwaka 1946, na 1956, na 1958. Vijana wetu wa shule, ambao leo husema kabla ya kuwaza, wakitafute.

Kulikuwa na kimya cha mwenye heshima, aliyekataa kuusoma mwisho wa sifa zisizo za kweli, na aliyekataa kuwasha vita kwa ajili ya kiti chake. Wenye vyeo wakitafute.

Lakini kulikuwa na kimya cha tatu: cha mtu anayeona mwenzake anapotea na hamwiti, anayetumia sheria mahali ambapo ilipasa kwanza kusemezana, anayeona ndugu amefungwa kamba na hasemi, "Mwacheni." Sheria ni kitu kizuri, lakini sheria haikai mezani na mwenzako. Haimsikilizi. Haimwambii, "Ndugu yangu, hapa umekosea, na hapa mimi nimekosea." Kazi hiyo ni ya kinywa na ya moyo. Rais na Waziri Mkuu wake walipanda ndege moja mwezi wa Julai, na mwezi wa Septemba walisemezana kwa redio tu. Kati ya Julai na Septemba ndipo Kongo ilipopotea njia.

Wazazi, je, katika nyumba zenu hakuna Septemba kama hiyo? Baba na mama wanaotumiana habari kwa midomo ya watoto? Ndugu wawili waliogawana shamba mbele ya hakimu, wala hawajaulizana hali tangu hapo?

Siku ya pili tulirudi darasani. Tuliandika ubaoni: Joseph Kasavubu, Rais wa kwanza, 1960–1965. Kisha tukamwita yule kijana wa nyuma, tukamwambia, "Alisema. Alisema mapema kuliko wengi. Lakini siku iliyohitaji neno lake kuliko zote, hakusema." Kijana akafikiri kidogo, akauliza, "Na wale wengine waliokuwa karibu naye, mwalimu, wao walisema?"

Swali hilo hatukulijibu siku ile. Twaliacha kwenu, wasomaji wapenzi, mlizungumze jioni ya leo, watu wote wa nyumba wakiwa pamoja.